Mbio za Motokaa na Mianya ya Sheria

Nawasalimu nyinyi mliokusanyika madarasani Tunduma, Vwawa, Mlowo, Mkwajuni, Itumba na Kamsamba, na nyinyi mnaosikiliza majumbani baada ya kazi za mchana. Namwomba msimamizi wa kila darasa aandike ubaoni maneno manne kwa herufi kubwa: KANUNI, MWANYA, UDANGANYIFU, HAKI. Yasomeni pamoja kwa sauti, silabi kwa silabi, kisha tuendelee.

Kanuni ni agizo lililoandikwa ili watu wote walifuate. Mwanya ni nafasi iliyobaki wazi katika maneno ya kanuni, kama ufa katika ukuta. Fundi aliyejenga ukuta hakukusudia ufa uwepo, lakini upo, na panya hupita. Udanganyifu ni kuvunja kanuni huku ukijifanya kuwa unaifuata. Na haki? Neno hili kila mtu analitamka, lakini si rahisi kulieleza. Tutalitafutia maana yake kidogo kidogo katika somo la leo.

Tutayatazama maneno haya katika historia ya mashindano ya motokaa. Huenda mzee mmoja darasani akauliza, "Mwalimu, sisi ni wakulima wa kahawa na mahindi. Mbio za motokaa zatuhusu nini?" Swali lako ni jema, mzee wangu. Katika mbio za motokaa kanuni huandikwa, hupimwa kwa saa na kwa rula, na kila anayeshindana hutafuta namna ya kumpita mwenziwe. Kwa hiyo mambo ambayo kijijini hufichika, huko huonekana waziwazi. Tukishayaona huko, tutarudi nyumbani kutazama mambo yetu wenyewe.

Barabara iliyo mlangoni petu

Watu wa Tunduma wanaijua barabara kuliko watu wengi. Zamani za ukoloni, Barabara Kuu ya Kaskazini ilitoka Rhodesia ya Kaskazini, nchi tuiitayo leo Zambia, ikaingia Tanganyika kwa mlango wa Tunduma. Kutoka hapo ilikwenda Mbeya, Iringa, Dodoma na Arusha, hata ikafika Nairobi. Ilikuwa barabara ya udongo. Wakati wa kiangazi ilikuwa vumbi, na wakati wa masika ilikuwa tope.

Mwezi wa Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Rhodesia ya Kusini ilijitangazia uhuru wake, na Zambia ikapata shida kubwa ya mafuta. Mafuta yalianza kupelekwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, kupitia Iringa, Mbeya na Tunduma. Njia hiyo ilikuwa mbaya hata madereva wakaiita Njia ya Jehanamu. Malori mengi yalianguka. Lami ilikuja baadaye, miaka ya 1970.

Nataja habari hii ili mwelewe jambo moja. Katika miaka ile ile ambayo madereva wa malori walipambana na tope kwa ajili ya kazi, kulikuwa na madereva wengine waliopambana na tope kama hilo kaskazini mwetu kwa ajili ya mashindano. Mashindano hayo yaliitwa Safari.

Safari ilivyoanza

Mashindano ya Safari yalianza tarehe 27 Mei 1953, yakamalizika tarehe 1 Juni. Yalifanywa kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, kwa maana nchi zetu zilikuwa bado chini ya utawala wa Waingereza. Njia ilipita katika nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa Safari ya Afrika Mashariki.

Haya hayakuwa mashindano ya kuzunguka uwanjani. Motokaa zilipita katika barabara za kawaida, katikati ya mabasi, baiskeli, ng'ombe na watu waendao sokoni. Ndani ya kila gari walikaa watu wawili. Mmoja aliendesha. Wa pili alisoma: alisoma ramani, alisoma saa, na alitunza karatasi ya muda. Katika kila kituo msimamizi aliandika saa ambayo gari limefika. Aliyechelewa alipata adhabu, na mwisho wa safari mwenye adhabu chache kabisa ndiye aliyeshinda.

Angalieni vizuri, ndugu zangu. Nusu ya kazi katika gari lile ilikuwa kazi ya kusoma. Dereva hodari aliyefuatana na msomaji mbaya alipotea njia, au alichelewesha karatasi yake, akashindwa na dereva wa kawaida aliyefuatana na msomaji mzuri.

Bei ya dukani

Swali la kwanza la haki lilitokea kabla motokaa hazijaondoka. Tajiri ana gari kubwa lenye nguvu. Mwenye gereji ana gari dogo. Je, ni haki kuwashindanisha pamoja?

Katika Safari ya kwanza waandaaji walijibu swali hilo kwa njia ya peke yake. Mahali pengi duniani magari hugawanywa kwa ukubwa wa injini. Wao waliyagawanya kwa bei ya dukani. Magari ya bei ndogo yalishindana na magari ya bei ndogo, na ya bei kubwa na wenzake. Maana yake ilikuwa kumwambia mtu wa kawaida, "Fedha yako itashindana na fedha iliyo sawa nayo."

Ilikuwa fikira nzuri, lakini hata kanuni nzuri ina mwanya wake. Fikirini wenyewe. Bei ya gari ni jambo linaloamuliwa na muuzaji. Muuzaji akishusha bei ya gari lenye nguvu, gari hilo litaingia katika kundi la wanyonge, na hapo hakuna aliyesema uongo. Kanuni imefuatwa neno kwa neno, bali makusudi yake yamepotea. Basi hapa tumepata fundisho la kwanza: kila kanuni ina maneno, na kila kanuni ina makusudi. Mwanya huonekana pale ambapo maneno na makusudi yameachana. Miaka ya baadaye Safari ilifuata mgawanyo wa injini kama nchi nyingine.

Hata hivyo, magari madogo hayakudharauliwa. Mwaka 1954 mshindi wa mashindano yote alikuwa Vic Preston pamoja na D. P. Marwaha, katika Volkswagen ndogo ile iliyofanana na kobe. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo kuukuu iliyokwisha kutumiwa na kampuni yenyewe katika Safari ya mwaka uliotangulia. Waliitengeneza upya, wakawashinda wengine kwa tofauti kubwa. Miaka ya 1966 na 1967 ushindi ulikuja Tanzania, kwa Bert Shankland aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell katika Peugeot 404. Barabara yenyewe ilikuwa mwamuzi mkali. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 vile vile. Tope halikuuliza bei ya gari.

Taa za Monte Carlo

Sasa tuondoke Afrika kidogo, twende Ulaya, kwa sababu huko kulitokea kesi iliyogawanya watu mpaka leo. Ilikuwa mwezi wa Januari 1966, katika mashindano ya Monte Carlo. Motokaa tatu ndogo za Kiingereza, aina ya Mini, zilimaliza za kwanza, za pili na za tatu. Madereva walikuwa Timo Mäkinen, Rauno Aaltonen na Paddy Hopkirk. Ya nne ilikuwa gari la Ford la Roger Clark.

Wakaguzi waliyafungua magari kwa muda mrefu. Mwisho walisema taa hazikufuata kanuni. Gari lililouzwa dukani lilikuwa na globu inayoweza kutoa mwanga mkali na mwanga hafifu, ili dereva asimpofushe mwenziwe anayekuja mbele. Globu zilizotiwa katika magari ya mashindano zilitoa mwanga mkali peke yake. Dereva alipotaka kupunguza mwanga, alizima taa kubwa, akawasha taa za ukungu. Magari yote manne yakaondolewa. Ushindi akapewa Pauli Toivonen wa Finland, aliyekuwa katika Citroën, gari la Kifaransa.

Nani alikuwa na haki? Waingereza walisema kwamba taa si miguu ya gari, na globu haikuwafanya wafike mapema. Wakaguzi walisema kanuni imeandikwa, na aliyeingia katika mashindano ameikubali. Wote wawili wana neno. Lakini watu wengi waliumia moyo kwa sababu kanuni zile zilikuwa mpya mwaka ule, na ukaguzi mkali wa taa ulikuja baada ya mshindi kujulikana. Mwaka uliofuata, 1967, Aaltonen alirudi na Mini, taa zake zikiwa sawasawa, akashinda.

Fundisho la pili basi ni hili. Haitoshi kanuni kuandikwa. Yafaa ijulikane na kueleweka na wote kabla ya mbio kuanza. Kanuni inayofafanuliwa baada ya mbio kwisha, hata kama ni kweli, huwaachia watu shaka kwamba ilimtafuta mtu fulani.

Ndege juu ya barabara

Turudi katika Safari yetu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 mashindano yalikuwa yakifanywa Kenya peke yake, na viwanda vikubwa vya Japani na Ulaya vilikuja na fedha nyingi. Barabara zilikuwa bado wazi kwa watu wote. Dereva aliyekwenda mbio hakujua kama mbele yake kuna lori, twiga, au mto uliofurika.

Viwanda tajiri vilipata njia. Vilirusha helikopta mbele ya motokaa zao. Mtu aliyekuwa juu alitazama barabara, akamwambia dereva kwa redio, "Ng'ombe kulia, punguza mwendo." Kanuni hazikukataza. Kwa hiyo huu haukuwa udanganyifu. Ulikuwa mwanya.

Je, ulikuwa mwanya mbaya? Hapa ndipo akili inapohitajika. Kwa upande mmoja, helikopta iliokoa maisha ya wachungaji, ya watoto na ya madereva. Kwa upande wa pili, dereva wa Nairobi aliyejilipia mafuta mwenyewe hakuweza kukodi helikopta. Yeye aliendesha kwa macho mawili, na mwenziwe aliendesha kwa macho manne. Haki ya usalama na haki ya usawa ziligombana, na hapakuwa na jibu jepesi. Hata hivyo, mwaka 1994 Ian Duncan, dereva wa Kenya, alishinda katika Toyota, na Patrick Njiru, Mkenya mwenziwe, akamaliza wa nne katika Subaru.

Magari mia mbili

Mwaka 1982 liliingia katika ubingwa wa dunia kundi la motokaa lililoitwa Kundi B. Kanuni ilisema kwamba kiwanda kikitaka kushindana katika kundi hilo, kwanza kitengeneze magari 200 ya namna hiyo. Mnaona makusudi yake? Walitaka gari la mashindano lifanane na gari ambalo mtu anaweza kulinunua.

Lakini kwa kiwanda kikubwa magari 200 si kitu. Viwanda vikaunda magari ya mashindano hasa, mepesi sana na yenye nguvu kupita kiasi, kisha vikatengeneza 200 ili kutimiza hesabu. Maneno ya kanuni yalifuatwa. Makusudi yaliachwa nyuma.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Mwaka 1986, katika mashindano ya Ureno, gari moja liliacha njia likaingia katikati ya watazamaji, na watu wakafa. Tarehe 2 Mei mwaka huo huo, katika kisiwa cha Corsica, Henri Toivonen na msomaji wake Sergio Cresto walikufa gari lao lilipotumbukia bondeni na kuwaka moto. Henri alikuwa mtoto wa yule Pauli Toivonen tuliyemtaja katika habari ya taa. Baada ya hapo wakuu wa mashindano waliamua kwamba Kundi B limekwisha. Tangu 1987 halikuruhusiwa tena.

Fundisho la tatu: mwanya usipozibwa mapema hugharimu zaidi ya kikombe cha ushindi. Mara nyingine hugharimu roho za watu, hata za wale waliosimama kando tu kutazama.

Pete ya chuma

Mpaka hapa tumezungumza juu ya mianya. Sasa tuangalie udanganyifu wenyewe, ili tusichanganye mambo mawili.

Injini hupata nguvu kwa kuchoma mafuta pamoja na hewa. Hewa ikizidi, na mafuta yakizidi, nguvu huzidi. Magari makubwa ya mashindano ya miaka ya 1990 yalikuwa na mtambo wa kusukuma hewa kwenye injini, uitwao turbo. Ili nguvu zisizidi kiasi, kila gari lilitiwa pete ya chuma yenye tundu la kipimo kimoja. Hewa yote ya injini ilitakiwa kupita katika tundu hilo. Ni sawa na kuwaambia watu wote wanywe uji kwa mrija wa ukubwa mmoja.

Mwezi wa Oktoba 1995, katika mashindano ya Catalunya nchini Hispania, wakaguzi walikagua magari ya Toyota, kiwanda kile kile kilichoshinda Safari mara nyingi. Pete ilikuwepo. Tundu lake lilikuwa la kipimo halali. Lakini mtambo ulikuwa umeundwa kwa ufundi wa ajabu. Ulipofungwa katika injini, pete ilisogea kwa siri, ikaacha nafasi ya hewa kupita pembeni. Ulipofunguliwa kukaguliwa, pete ilirudi mahali pake, na kila kitu kikaonekana sawa.

Wakuu wa mashindano walifuta pointi zote za Toyota za mwaka ule, wakaizuia kushindana kwa muda wa miezi 12.

Linganisheni sasa. Mwenye helikopta hakumficha mtu. Helikopta ilionekana angani na kila mtu. Mwenye pete alificha. Hiyo ndiyo alama kubwa ya kutofautisha. Anayetumia mwanya anaweza kusimama mbele ya mkutano akaeleza alichofanya. Mdanganyifu hawezi, kwa sababu kazi yake yote inasimama juu ya siri. Nanyi mnajua kwamba njia ya mwongo ni fupi.

Sare ya mwaka 1973

Kabla hatujarudi nyumbani, nataka muone pia kanuni iliyofanya kazi yake vizuri.

Katika Safari ya 1973 watu wawili walimaliza wakiwa na adhabu sawa kabisa, baada ya maelfu ya kilomita. Mmoja alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa amehamia Kenya, pamoja na msomaji wake Lofty Drews. Wa pili alikuwa Harry Källström wa Sweden. Wote wawili waliendesha Datsun.

Wangefanya nini? Wangepiga kura? Wangempa mwenyeji? Hapakuwa na haja. Kanuni ya kuamua sare ilikuwa imekwisha andikwa: tazama nani alikuwa safi zaidi katika sehemu za mwanzo za safari. Karatasi zikatazamwa, Mehta akawa mshindi. Källström aliumia, bila shaka, lakini hakuweza kusema kwamba kanuni ilitungwa kwa ajili ya kumnyima.

Mehta alishinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Baadaye akawa mkuu wa kamati ya dunia inayosimamia kanuni za mashindano ya namna hiyo, mpaka alipofariki mwaka 2006. Aliyeokolewa na kanuni iliyoandikwa mapema akawa mtunzaji wa kanuni.

Turudi Tunduma

Sasa mzee wangu wa kahawa na mahindi, tusaidiane. Tutumie masomo haya katika mambo ya kwetu.

Mfano wa kwanza ni mizani ya malori, kama ile ya Mpemba. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inasema lori na mzigo wake wote visizidi tani 56, na kila ekseli ina kiasi chake. Makusudi ni kuilinda barabara isibomoke. Tuseme dereva mmoja anashusha magunia kabla ya mizani, anapima, kisha utingo wake anayaleta magunia kwa gari dogo na kuyapakia tena mbele. Huo ni mwanya au udanganyifu? Mtasema wenyewe. Ulizeni tu: je, anaweza kulieleza jambo hilo mbele ya mpimaji? Hawezi. Basi ni ndugu wa ile pete ya chuma. Na barabara ikibomoka, anayeumia ni yule dereva mwenziwe aliyepakia kwa halali, akapata nauli ndogo, na sasa anavunjikiwa springi katika mashimo ambayo hakuyachimba.

Mfano wa pili ni kikundi cha kuweka na kukopa. Tuseme kanuni ya kikundi inasema, "Kila mwanachama atakopa mara moja kwa msimu." Ndugu mmoja anamwandikisha mkewe na mtoto wake, kila mmoja na kadi yake. Nyumba moja inakopa mara tatu. Wajane wanakaa wakingoja zamu. Huyu ndugu hakuficha. Majina yamo daftarini. Ametumia mwanya.

Kikundi kifanye nini? Wenye hasira watasema anyang'anywe mikopo na kufukuzwa. Kumbukeni taa za Monte Carlo. Kanuni isitungwe leo ili kumhukumu mtu wa jana. Lakini wengine watasema tumwache, kwa kuwa hakuvunja neno lolote. Kumbukeni magari mia mbili. Mwanya ukiachwa, msimu ujao nyumba kumi zitapita hapo hapo, na kikundi kitakufa. Njia ya haki ni hii: alipe mikopo yake kwa masharti aliyokopea, mkutano uitwe, kanuni isomwe kwa sauti mbele ya wote, iandikwe upya kwamba kila nyumba itakopa mara moja, na ianze msimu ujao kwa kila mtu, pamoja na mwenyekiti. Wahenga wetu walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ikikata upande mmoja tu, huo si msumeno tena, ni panga la mtu mmoja.

Nani huuona mwanya?

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo lililotuleta darasani. Mwanya huonwa na nani? Huonwa na anayesoma. Helikopta zilirushwa na watu waliosoma kanuni ukurasa kwa ukurasa wakaona kwamba hazikutajwa. Yule ndugu wa kikundi aliiona nafasi kwa sababu alilisoma neno "mwanachama" na akaona kwamba halikuandikwa "nyumba". Wale walioweka dole gumba chini ya karatasi wasiyoisoma hawakuona kitu, mpaka fedha zilipokwisha.

Kwa hiyo asiyejua kusoma anaingia katika mashindano bila mtu wa pili ndani ya gari. Anaweza kuwa hodari, mwenye nguvu na mwaminifu, lakini hajui kituo kilipo wala saa iliyoandikwa. Tena hawezi kudai mwanya uzibwe, kwa maana hajauona. Mkishajua kusoma, msisomee kutafuta pa kupenya tu. Someni pia ili msimame mkutanoni mkaseme, "Hapa pana ufa. Tuuzibe kabla ya msimu kuanza."

Sasa neno HAKI lililo ubaoni tunaweza kulieleza kwa mambo matatu. Haki ni kanuni iliyoandikwa na kujulikana kabla. Haki ni kipimo kimoja kwa tajiri na kwa maskini. Na haki ni kuyatazama maneno ya kanuni pamoja na makusudi yake, ili mwanya uzibwe kwa wote na mdanganyifu ajulikane kwa jina lake.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe tofauti kati ya mwanya na udanganyifu. Toa mfano mmoja wa kila kimoja kutoka sokoni au mpakani.

2. Katika mashindano ya Monte Carlo ya 1966, wewe ungekuwa mwamuzi ungefanya nini? Kwa sababu gani?

3. Je, helikopta zingekatazwa katika Safari, au zingeruhusiwa kwa ajili ya usalama? Darasa ligawanyike pande mbili, kila upande utoe hoja zake.

4. Chukueni kanuni moja ya kikundi chenu, ya shule, au ya soko. Isomeni kwa sauti. Makusudi yake ni nini? Je, maneno yake yanalingana na makusudi hayo?

Kazi ya kuandika

Andikeni kanuni moja fupi, isiyozidi maneno 15, ya kugawa zamu za kuteka maji kisimani. Kisha mpe jirani yako aisome na kutafuta mwanya. Akiupata, msigombane, andikeni tena, mpaka asiupate.

Huo ndio mwisho wa somo la leo. Msimamizi, acha maneno manne ubaoni mpaka kila mtu ameyanakili katika daftari lake. Kwaherini, ndugu wasikilizaji, na wale mlio barabarani usiku huu, punguzeni taa mnapopishana.